Santi Cazorla: wanayosema watu na yaliyotokea kweli

Stori za viungo (wachezaji wa katikati) wa Hispania zikianza utasikia Xavi, Iniesta, Busquets, halafu Cazorla anakumbukwa mwishoni, tena kwa mambo ambayo hayako sawa. Mfano hili la kwamba alibeba Kombe la Dunia 2010. Hapana jamani, Euro ya 2008 anayo na ya 2012 anayo, ila Afrika Kusini hakwenda, msimu ule mgongo ulimtesa sana.

Wengine wanasema alikuwa namba kumi wa mbwembwe, yaani kiungo wa kushambulia tu, kazi ya chini karibu na mabeki haiwezi. Msimu wa 2014/15 Wenger, kocha wa Arsenal kipindi hicho, alimshusha akakaa pembeni ya kiungo mkabaji Coquelin, mpira unaanzia kwake, ukimbana kulia anatokea kushoto, maana miguu yote miwili ilikuwa sawa tu hata kona alikuwa anapiga kwa wowote ule. Arsenal ilikuwa tamu sana kipindi kile.

Sasa hili ndo linaniuma, eti alipoumia klabu ikamtupa na soka lake likaishia hapo. Mechi yake ya mwisho Arsenal ni ile ya Ludogorets, Oktoba 2016, walishinda 6-0, lakini kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinamsumbua tangu 2013 alipoumia kwenye mechi ya kirafiki ya Hispania na Chile. Akafanyiwa operesheni, kidonda kikagoma kufunga, ikawa operesheni juu ya operesheni, mpaka alipofika kwa daktari Mikel Sánchez kule Vitoria ndo ikaonekana bakteria wamekula kama sentimita 8 za ule mshipa mkubwa wa kisigino (kano ya Achilles). Ngozi ya kuziba kidonda ilitolewa mkononi mwake, palepale penye tattoo ya jina la binti yake, kwa hiyo kipande cha jina kikahamia kwenye kifundo. Alishaambiwa akiweza kutembea bustanini na mwanae ashukuru. Na Arsenal hawakumtupa, walimuongezea mkataba akiwa majeruhi, akaondoka 2018 ulipoisha.

Akarudi Villarreal, klabu yake ya zamani ya Hispania, na hakukaa benchi bwana, 2019 kocha Luis Enrique akamuita tena timu ya taifa na Novemba ile akaifunga Malta, ana miaka 34, akiwa na mguu uleule uliokuwa unaoza. Baada ya hapo ndo akaenda Al Sadd ya Qatar kwa Xavi, aliyekuwa kocha kule.

Na wale wanaosema 2023 alienda Real Oviedo, klabu iliyokuwa daraja la pili Hispania, kula pensheni, pensheni gani hiyo? Alitaka kucheza bure, sheria za ligi zikakataa, akachukua mshahara wa kiwango cha chini na kuomba 10% ya mauzo ya jezi zake ziende akademi. Ndiko alikokulia pale, aliondoka kinda 2003 klabu ilipozama kwenye madeni na timu ya wakubwa hakuwahi kuichezea hata dakika moja. Juni 2025, fainali ya mchujo wa kupanda daraja, Oviedo wamefungwa 1-0 na Mirandés mechi ya kwanza, ya marudiano nyumbani wakafungwa tena wao wa kwanza, ikapatikana penati. Mzee wa miaka 40 akaichukua akafunga, wakamaliza 3-1 dakika za nyongeza, wakarudi La Liga, ligi kuu ya Hispania, baada ya miaka 24.