Neno "koloni" lilianzia shambani

Ukifuata neno ukoloni hadi mzizini, unafika shambani. Kwa Kilatini, colere ni kulima au kutunza ardhi, colonus ni mkulima, na colonia ni makazi ambayo Roma iliwapa raia wake, mara nyingi askari waliostaafu, katika nchi iliyotekwa. Mji wa Köln, Ujerumani, ulipata hadhi hiyo mwaka 50 BK na jina colonia limeuganda hadi leo, likitamkwa Köln. Wagiriki walisema apoikia, makao ya mbali na nyumbani, na Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily ulioanzishwa na watu wa Korintho ya Ugiriki, ulijitawala wenyewe.

Kwa hiyo kiini cha awali kilikuwa kuhamia, si kutawala. Kwa maana hiyo kongwe, neno letu mlowezi, linalotokana na kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja, liko karibu na colonus kuliko mkoloni. Maana ya leo imegeuka: India haikujazwa Waingereza, lakini hakuna anayebisha kwamba ilikuwa chini ya ukoloni.

Ubeberu nao huchanganywa na ukoloni. Ubeberu ni sera ya dola kupanua nguvu zake, hata kwa mikopo na manowari tu. Ukoloni ni pale dola hiyo inapoingia na kuiendesha nchi ya watu: gavana wake, mahakama zake, kodi yake.

Kosa ninaloliona zaidi, na linaloharibu hoja nyingi, ni kuamini jina la kisheria. Kenya ilifanywa koloni rasmi mwaka 1920, tena bila ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Uganda ilikuwa nchi lindwa, yaani iliyohesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tu; Tanganyika ikawa nchi ya udhamini, yaani iliyokabidhiwa Uingereza iisimamie kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Ureno mwaka 1951 iliyaita makoloni yake "majimbo ya ng'ambo", na kazi ya shuruti ikaendelea vilevile. Usiulize nchi iliitwaje. Uliza nani alitunga sheria, na mwenyeji angeweza kumwondoa kwa njia gani.

Umoja wa Mataifa ulilaani ukoloni kwa Azimio 1514 la tarehe 14 Desemba 1960. Kesho yake, Azimio 1541 likaweka vigezo vya kutambua eneo lisilojitawala: liwe limetengana kijiografia na nchi inayolitawala, na liwe na watu wa kabila au utamaduni tofauti. Kigezo cha kwanza, cha kutengana kijiografia, kiliziacha nje ardhi zilizotekwa kwa kusogeza mpaka nchi kavu, kama Siberia na magharibi ya Marekani, ingawa huko ndiko wakulima walikopelekwa kwa wingi juu ya ardhi ya wengine, kama Roma ilivyofanya.