Ana mawazo

Mgonjwa akiletwa kwangu na ndugu zake, hapa Tanga, huwauliza wao kwanza: ana nini? Mara nyingi jibu ni maneno mawili. "Ana mawazo." Msemaji huwa mama mkubwa au wifi, sauti ameishusha, na mwenyewe anayesemwa ameinamisha kichwa.

Nilipotoka chuoni jibu hilo nililiona halina uzito. Mawazo nani hana? Nilikuwa nikingoja wanitajie usingizi, chakula na machozi, ndipo nishike kalamu. Leo neno hilo ndilo ninaloanza kuliandika. Mtu anayefikiri anapiga hesabu na mwisho anafika mahali. Mwenye mawazo hafiki. Yanamzunguka, yanampitisha usiku, asubuhi yanamkuta palepale. Angalia pia tunavyosema: mawazo yamemjaa, yamemwandama, yanamla. Anayetenda ni mawazo, mtu ndiye anayetendwa. Mswahili aliyeyasema hivyo mara ya kwanza alikuwa amekaa na mgonjwa akamtazama vizuri.

Na si neno hilo peke yake. Tuna jakamoyo, ule moyo usiotulia kwa jambo ambalo bado halijaja. Tuna kihoro, kinachompata mtu aliyepotelewa na kitu au mtu wake, na wazee wetu hawaoni ajabu kusema fulani alikufa kwa kihoro. Tuna ukiwa, unaomkuta mtu nyumba ikiwa tupu baada ya watu kuondoka. Tuna kiwewe, simanzi, jitimai. Haya ni maarifa ya nafsi yaliyokusanywa na watu wetu vizazi kwa vizazi, na mimi nilimaliza masomo ya saikolojia bila kuulizwa hata moja kwenye mtihani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nieleze kwa mfano, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane. Aliletwa bibi mmoja wa Ngamiani, amefiwa na mwanawe wa mwisho, amekonda. Nilimsomea dodoso la sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, tunalotumia kliniki. Lina maswali 9, linauliza habari za wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Katika wiki mbili hizi umejisikia huzuni? "Alhamdulillahi, mwanangu." Umekosa raha ya kufanya mambo? "Raha ya nini tena, na msiba huu?" Umejiona huna thamani? "Namshukuru Mungu." Alipata alama 4. Kwa hesabu ya karatasi, bibi mzima.

Hakuwa anadanganya. Kwa malezi yake, kusema nina huzuni mbele ya mtu wa ofisini ni kama kumlalamikia Mwenyezi Mungu kwa alilolikadiria. Shukrani yake ilikuwa ya kweli, na ugonjwa wake pia ulikuwa wa kweli. Dodoso halina mahali pa kuandika vyote viwili.

Siku chache baadaye nilimfuata nyumbani. Shikamoo, marahaba, karibu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, ungo wa mchele mapajani, anachambua. Nikavua viatu nikakaa ubavuni mwake, nikatia mkono kwenye ungo. Tukatoa mawe na chuya kimya kimya kwa muda mrefu. Kisha, bila kuninyanyulia macho, akasema: "Tangu tuanue matanga silali. Nawaza mpaka adhana ya alfajiri. Na kila siku nakuna nazi mbili, mwanangu, kumbe mlaji ni mimi peke yangu."

Mchele ulipokwisha nilikuwa nimejua zaidi ya ambacho dodoso lingenipa kwa mwaka mzima. Alikuwa anaongea mikono ikiwa kazini, macho yakiwa kwenye ungo, mtu akiwa kando yake. Kule kliniki nilikuwa nimemkalisha ng'ambo ya meza, ananitazama usoni kama mtu anayehojiwa polisi.

Kutomwona mgonjwa kwa sababu umemtafuta pasipo pake ni kosa la zamani katika fani yetu, na limewahi kuandikwa kama sayansi. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na akaulinganisha ubongo wetu na wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Lakini waliokuwa wakifikishwa Mathari ni nani? Aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyetembea uchi sokoni. Mama aliyekaa uani anakuna nazi mbili, nani angempeleka?

Mwaka uliofuata, 1954, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi yake katika hospitali ya Aro, Abeokuta, nchini Nigeria. Wagonjwa hawakufungiwa wodini. Walipangiwa vyumba katika vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza kwenye matibabu. Dawa za kisasa zilitumika, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Lambo alielewa kwamba ndugu aliyekuja na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Sisi bado tunamwambia asubiri nje.

Kwa ndugu zetu wa Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni "ana mawazo" yetu kabisa. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, na bibi 14. Akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi, kumsikiliza, kisha kuchagua naye tatizo moja la kulitafutia njia. Hatua ya kwanza inaitwa kuvhura pfungwa, kuyafungua mawazo. Mwanzoni benchi lilikuwa na jina la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi hao ndio waliotaka jina libadilishwe, likawa benchi la kupeana mashauri, na watu wakaja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Suala la jina nalielewa sana. Mkoa wetu una Lutindi, kule milimani Korogwe, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 panatunza wagonjwa wa akili. Ni kazi ya heshima. Ila tumekaa zaidi ya karne moja tukijua kwamba tiba ya akili ni ya mwenye wazimu, basi mwenye mawazo hajioni anahusika, anakwenda kwa mganga. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003 ulikuta matatizo kama sonona na wasiwasi kwa asilimia 24 ya wagonjwa wa vituo vya afya, na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga. Mara mbili.

Simsifu kila mganga. Nimewaona waliofungwa minyororo, nimeona kifafa kikitibiwa kama pepo huku mtoto anazidi kuungua motoni kila akianguka. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyekesha siku tano anaongea bila kukoma, anahitaji dawa, na kuchelewa kunamwumiza. Utamaduni unaonifundisha namna ya kumkaribia mgonjwa hauniruhusu kumtelekeza.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mtu mnayesema ana mawazo, muulize yameanza lini, na usiku yanamjia saa ngapi. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnamenya mihogo au mnakunja nguo. Akisema amechoka na dunia, au heri angelala asiamke, usimwambie anakufuru. Usimwache peke yake siku hiyo, na mlete. Njoo naye mwenyewe, au wifi yake, au somo yake, yeyote anayemwamini. Meza nimeisogeza ukutani, na mkeka upo.