Ctrl+D ya nani? Maana ya kubadilisha mikato ya kibodi

Siku moja nilikalia kiti cha mwenzangu kazini nimsaidie kutafuta hitilafu. Nikaweka kielekezi juu ya jina moja kwenye msimbo, nikabonyeza Ctrl+D mara tatu ili nilichague kila linapojirudia, kama nilivyozoea. Mistari mitatu ikatoweka. Jamaa akacheka: "Hapo kwangu ni kufuta, kaka." Ctrl+Z ikaniokoa.

Sote wawili tunatumia Visual Studio Code (VS Code), kihariri cha kuandikia msimbo. Ila yeye alianzia Eclipse, kihariri kingine, ambako Ctrl+D hufuta mstari, na alipohama alihama na vidole vyake. Angetokea IntelliJ, kingine tena, Ctrl+D hiyohiyo ingerudufu mstari. Kwenye terminali ya Linux nako, yaani dirisha la kuandikia amri, ukiibonyeza kabla hujaandika kitu, maana yake ni "sina la ziada", na terminali hujifunga.

Kumbe herufi D haina maana yake ya kuzaliwa nayo. Mkato wa kibodi ni mapatano tu: huku kuna vitufe, kule kuna amri. Na amri ina jina lake, haitegemei kitufe ili iwepo. Kufuta mstari kwenye VS Code kunaitwa editor.action.deleteLines. Ukiinyang'anya vitufe vyote bado ipo, na utaipata kwa kufungua orodha ya amri kwa Ctrl+Shift+P na kuitafuta humo. Humo utakuta pia amri nyingi ambazo hazijawahi kupewa kitufe chochote. Kubadilisha mkato hakuigusi amri yenyewe. Kinachobadilika ni mlango wa kuifikia.

Orodha nzima ya mikato hufunguka kwa Ctrl+K kisha Ctrl+S. (Huo wenyewe ni mkato wa hatua mbili: unabonyeza wa kwanza, unaachia, unabonyeza wa pili. Vitufe ni vichache kuliko amri, ndiyo maana.) Unayobadilisha huandikwa kwenye faili iitwayo keybindings.json. Kanuni ya yule mwenzangu ilikuwa hivi:

{
  "key": "ctrl+d",
  "command": "editor.action.deleteLines",
  "when": "editorTextFocus && !editorReadonly"
}

Mistari miwili ya kwanza inajieleza. Wa tatu ndio watu huuruka, na ndio wenye utamu. Ni sharti: kanuni hii ifanye kazi pale tu kielekezi kiko ndani ya maandishi, na faili si ya kusoma tu.

Ukitaka kuona sharti likifanya kazi, tazama Tab. Unaandika msimbo, unabonyeza Tab, mstari unasogea ndani. Endelea kuandika mpaka kile kidirisha cha mapendekezo kichomoze, bonyeza Tab ileile: safari hii inakubali pendekezo. Ukiwa katikati ya kujaza kiolezo chenye nafasi wazi, Tab inakurusha kwenye nafasi inayofuata. Kitufe kimoja, kazi tatu, na hujawahi kuchanganyikiwa. Kila kazi ina sharti lake. La kidirisha cha mapendekezo, kwa mfano, hutazama suggestWidgetVisible, yaani kama kidirisha hicho kinaonekana. Kwa hiyo swali la "Tab inafanya nini?" halina jibu mpaka useme uko wapi. Ukiandika kanuni yako bila sharti, umekiambia kihariri kwamba kitufe hicho kina kazi hiyo kila mahali, na siku nyingine kitakuchezea mahali ambapo hukukitarajia.

Je, kanuni mbili zikigongana? Kihariri husoma orodha kutoka chini kwenda juu, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayopita. Kanuni zako huongezwa mwisho, yaani chini kabisa, kwa hiyo zinasomwa kabla ya zile za kiwandani. Zile za zamani hazifutwi, zimekaa tu nyuma yako. Ndiyo maana unapotaka kuondoa moja kabisa, hufuti mstari wowote: unaandika kanuni mpya yenye kitufe kilekile, na jina la amri unalitanguliza alama ya kutoa, kama hii ya kuchagua jina linapojirudia: "-editor.action.addSelectionToNextFindMatch".

Wapo wanaoona kugusa mikato ya kiwandani ni kujitafutia balaa. Siafikiani nao sana, kwa sababu hata hiyo ya kiwandani ilipangwa na mtu mbele ya kibodi yake. Bill Joy alitengeneza kihariri cha vi mwaka 1976 akitumia terminali ya ADM-3A, mashine yenye skrini na kibodi, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Mpaka leo mtumiaji wa Vim, mrithi wa vi, hutembeza kielekezi kwa herufi hizo, ingawa mishale halisi anayo pale mkono wa kulia.

Na kibodi zenyewe hazifanani. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa kibodi ya Kimarekani hatulioni hili, maana hata ng' ya ng'ombe inapatikana bila shida. Lakini aliyezoea AZERTY, mpangilio wa vitufe wa Kifaransa, kama wengi wa Bujumbura au Lubumbashi, mabano ya mraba huyapata kwa kushikilia kitufe cha AltGr. Ukimwambia arudishe mstari nyuma kwa Ctrl+[, unamtaka avunje vidole. Huyo habadilishi mikato kwa mapambo. Na akichagua mipya, aiogope Ctrl+Alt: kwenye Windows, AltGr huhesabiwa kama Ctrl na Alt kwa pamoja, kwa hiyo anaweza kujikuta amepoteza alama aliyokuwa anaiandika kila siku.

Mimi nimebadilisha minne tu. Mmoja ulinigomea wiki nzima, nabonyeza hakuna kitu. Kuna amri iitwayo Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting. Ukiiwasha, kihariri huandika kila kitufe unachobonyeza na kanuni iliyokidaka. Nikaiwasha, nikabonyeza, na hakuna kilichoandikwa hata kidogo. Kitufe hakikuwa kikifika: mfumo wa kompyuta ulikuwa umekichukua njiani, ukitumie kubadilishia madirisha.