Namba 2,147,483,647: tunajuaje kwamba ni tasa?

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 zitafika 2,147,483,647 na kukwama. Nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, moja ikiwekewa alama ya hasi au chanya, haibebi namba kubwa zaidi ya hiyo. Mafundi wa kompyuta wanaijua kwa balaa hilo. Sisi wa hisabati tunaipenda kwa jambo jingine: ni namba tasa, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Wanafunzi huuliza, na wana haki kuuliza: nani alikaa akajaribu namba zote?

Hakuna. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Bado ni kazi ya kuchosha mkono. Lakini namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, na namba za aina hiyo, zinazobeba jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, hazikubali kigawo chochote tu.

Mtazame mdogo wake. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2,047 siyo: ni 23 × 89. Gawanya 23 kwa 22, yaani 11 mara mbili, inabaki 1. Gawanya 89 kwa 22, inabaki 1 tena. Kwa 8, 23 inabakiza 7 na 89 inabakiza 1. Hiyo si bahati. Kipeo kikiwa tasa na si 2, kila kigawo tasa hutii masharti hayo mawili: baki 1 kwa kipeo mara mbili, na baki 1 au 7 kwa 8.

Kwa kipeo 31, zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 62 zinaanza na 63, 125, 187, 249. Sharti la 8 linaziondoa 125 na 187. Nazo 63 na 249 si tasa, zinaachwa. Ya kwanza ya kujaribu ni 311: jibu 6,905,092, baki 35. Huwa nawaomba wanafunzi waifanye kwa kalamu, waione ile 35 ikijitokeza. Mpaka 46,340, zinazotimiza masharti hazifiki 400, na hakuna hata moja inayoigawanya namba yetu bila baki. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha utasa huu mwaka 1772 akiwa Saint Petersburg, Urusi, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa.

Utasa huo una matunda. 7 ni 2 kwa kipeo cha 3, toa 1. Izidishe kwa 4 upate 28, ambayo ni sawa na 1 + 2 + 4 + 7 + 14, jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuiliko; namba ya namna hiyo huitwa kamilifu. Ya Euler, ikizidishwa kwa 2 yenye kipeo cha 30, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni kamilifu vilevile.