Parokia ya Uingereza, na baraza lake lisilo la kanisa

Kila ikitoka habari kwamba baraza la parokia la kijiji fulani huko Uingereza limegombania uwanja wa watoto au kituo cha basi, utasikia mtu akisema: kumbe kule kanisa bado linatawala vijiji. Maneno hayo yalizidi Februari 2021, ilipozunguka video ya kikao cha Handforth, Cheshire, wajumbe wakifokeana. Wengi walidhani wale ni wazee wa kanisa, kumbe ni madiwani.

Parokia za Uingereza ni za aina mbili: ya kanisa, chini ya kasisi wa Kianglikana, na ya kiraia, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa.

Kuchanganya kunaeleweka, maana kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Sheria ya 1601 ikaitwika parokia mzigo wa kuwatunza maskini wake, kwa kodi ya wenye mali wa papo hapo. Kuanzia 1662 maskini aliyehamia aliweza kurudishwa parokia ya kwao, asije akawa gharama ya wengine. Ndiyo maana mpaka ulikuwa jambo zito: karibu na sikukuu ya Kupaa, kasisi na wanakijiji waliuzunguka kwa miguu pamoja na watoto, wakichapa alama za mpaka kwa fimbo ili kizazi kinachofuata kisiusahau. Vikao vya kugawa kodi vilikaa katika chumba cha kanisa cha kuvalia mavazi ya ibada, kasisi akiwa mwenyekiti kwa cheo chake.

Sheria ya 1894 ndiyo iliyokata kamba hiyo vijijini. Kazi za kiraia zikahamia kwa baraza linalopigiwa kura. Mmethodisti, Mbaptisti, hata asiye na dini akaweza kuwa diwani, na wanawake pia, walioolewa na wasioolewa. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosimuliwa, kwa sababu Bunge lilikuwa bado limewafungia wanawake mlango.

Siku hizi baraza hilo hushughulikia viwanja vya michezo, makaburi, ukumbi wa kijiji na bustani za kukodi, kwa fedha zinazokusanywa pamoja na kodi ya majengo. Kijiji kidogo sana huweza kukosa baraza, kikawa na mkutano wa wapiga kura tu. Nako Uganda parokia ni ngazi ya utawala, juu ya kijiji na chini ya kaunti ndogo, wala hakuna anayeuliza padri wake ni nani.

Basi ndugu msomaji, ukikuta "baraza la parokia" katika habari za Uingereza, tafadhali soma madiwani waliochaguliwa na wakazi, waumini na wasio waumini. Paa la kanisa likivuja, linalohusika ni baraza jingine kabisa, nalo hutaja kanisa katika jina lake.