Barafu inayorushwa na propela: tunavyolinda ubavu wa ndege ndogo ya injini mbili

Kwenye ndege ndogo ya injini mbili, propela hukaa ubavuni mwa bodi (kiwiliwili cha ndege), mara nyingi usawa wa viti vya marubani au wa sehemu ya mizigo iliyo puani. Kanuni ya Marekani iliyoongoza ubunifu wa nyingi kati ya ndege hizi, kifungu cha 23.925, ilidai nafasi ya angalau inchi 1 kati ya ncha ya panga (jani la propela) na muundo wa ndege. Wabunifu huacha zaidi ya hapo, lakini bado ni nafasi unayoweza kuipima kwa shubiri. Ndege ikipita kwenye wingu la baridi, barafu huota kwenye mapanga, hunenepa, kisha hung'oka na kurushwa, na sehemu yake huishia ubavuni. Walio ndani husikia kishindo kama cha jiwe lililotupwa kwenye bati. Mimi fundi huona matokeo baadaye, ndege ikiwa kwenye hanga (banda lake la matengenezo): rangi imebanduka, ngozi ya ndege imebonyea hapa na pale, na mwenyewe ananiuliza tubandike nini.

Kabla ya kujibu huwa naenda kuitazama propela. Ukubwa wa kipande kinachogonga ukuta huamuliwa kule, wala si kwenye bamba la kinga linalobandikwa ubavuni.

Barafu hii hutokana na matone ya maji ambayo yamepoa chini ya nyuzi 0 lakini bado hayajaganda. Yakigusa kitu, huanza kuganda papo hapo. Kwenye panga hushika zaidi ukingo wa mbele, tena upande wa ndani, karibu na kitovu. Kule nchani mwendo ni mkubwa mno: msuguano wa hewa hupasha joto kidogo, na nguvu ya mzunguko huivuta barafu itoke mapema. Upande wa ndani hakuna msaada huo, kwa hiyo barafu hukaa na kukua.

Tupige hesabu. Propela ikizunguka mara 2,300 kwa dakika, sehemu ya panga iliyo sentimita 40 kutoka katikati husafiri kwa takriban mita 96 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 350 kwa saa. Barafu iliyoshika hapo huvutwa kuelekea nje kwa nguvu inayozidi mara 2,300 ya uzito wake. Kipande cha gramu 10 tu huvutwa kama kwamba kuna mzigo wa kilo 23 umekining'inia. Ndiyo maana hung'oka chenyewe pale uzito wake unaposhinda mshiko wake. Mshiko nao hubadilika na baridi: karibu na nyuzi 0 barafu huachia upesi ikiwa bado nyembamba, lakini hewa ikizidi kuwa baridi hushikilia kwa nguvu zaidi, hunenepa, na ikitoka hutoka ikiwa bonge. Kwa mwendo uleule, kipande cha gramu 50 hubeba nishati mara tano ya kile cha gramu 10. Kipande kidogo hukwaruza rangi; bonge hubonyeza bati.

Sasa, kinagonga wapi? Barafu ikiachia huwa tayari ina mwendo wa ndege kwenda mbele, kwa hiyo haibaki nyuma ghafla. Umbali hadi ubavuni ni kama mita moja, safari ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa muda huo bonge zito hurudishwa nyuma na hewa sentimita chache tu. Vipande vyembamba hurudishwa zaidi. Kwa hiyo mapigo makubwa huangukia karibu kabisa na usawa wa mzunguko wa propela, na vipande vidogo hutawanyika nyuma yake. Bamba la kinga linapaswa kuanza mbele kidogo ya usawa huo na kuenea zaidi kuelekea nyuma. Nimeona mabamba yaliyowekwa katikati sawasawa kwa sababu tu yanapendeza macho, huku ukingo wa nyuma wa eneo linalopigwa ukiachwa wazi.

Kwa juu na chini nako pande mbili hazilingani. Kwenye ndege nyingi propela zote mbili huzunguka kama mishale ya saa ukizitazama kutoka nyuma. Ya kushoto inapopita juu huelekea kwenye bodi, kwa hiyo barafu yake huja ikishuka. Ya kulia huelekea kwenye bodi inapopita chini, kwa hiyo barafu yake huja ikipanda. Ndege ambazo propela zake mbili huzunguka kila moja kinyume cha mwenzake, kama Piper Seneca, hupigwa kwa mtindo mmoja pande zote. Fundi anayechora bamba la kushoto kisha akaligeuza tu kupata la kulia anaweza kukosa mahali panapopigwa. Kabla hujakata chochote, osha ubavu, weka mwanga wa pembeni, na uweke alama kwenye kila kovu kwa penseli ya nta. Ndege yenyewe itakuonyesha ramani.

Kuhusu vifaa, nina msimamo. Filamu angavu ya poliurethani (aina ya plastiki), ile yenye unene wa takriban milimita 0.2, ni nzuri kwa kulinda rangi dhidi ya vipande vidogo, na ni nyepesi. Haizuii bonyeo. Bati la ubavu wa ndege hizi mara nyingi halifiki milimita 1. Bonge likilipiga, filamu hubonyea pamoja nalo na kubaki nzima, kisha mtu husema kinga imefanya kazi. Karatasi ya mpira mzito ni bora zaidi, kwa sababu hurefusha muda wa pigo na kulisambaza kwenye eneo pana. Bamba gumu, la aluminiamu au la nyuzi za kioo, hulinda vizuri kuliko vyote, na ukiitazama ATR 72 au Dash 8, ndege kubwa zaidi za abiria zenye propela, kutoka pembeni utaona eneo la namna hiyo usawa wa propela. Kwa ndege ndogo zinazoruka kwenye barafu mara kwa mara, mimi huchagua bamba gumu. Kwa ile inayokutana nayo kwa nadra, mpira unatosha.

Lakini bamba si pambo la kujibandikia. Soma kwanza kitabu cha ndege: kwa baadhi ya aina, kinga ya ubavu ni sehemu ya vifaa vinavyotakiwa ili ndege iruhusiwe kuingia mahali panapojulikana kuwa na barafu, na likitolewa ruhusa nayo imeondoka. Ukiongeza lisilokuwepo, unahitaji data iliyoidhinishwa, ama ya mtengenezaji ama ya marekebisho yenye cheti. Hili ni zito zaidi kwa ndege zenye kabini ya shinikizo kama Cessna 421. Ngozi yake hutanuka na kusinyaa kila safari, na tundu la ribiti (pini ya kuunganishia mabati) lililotobolewa kwa kukisia linaweza kuwa chanzo cha ufa. Chunga pia matundu ya kupimia shinikizo la hewa ya nje: ukingo wa bamba ulio mbele yake huvuruga mkondo wa hewa, na saa ya kimo hudanganya. Usizibe matundu ya kutolea maji.

Adui mwingine ni unyevu. Maji yakipenya chini ya mpira au bamba hukaa humo, na kutu ya aluminiamu hula kimyakimya chini ya kitu ulichokiweka kulinda. Andaa bati vizuri, pakia rangi ya msingi inayozuia kutu, gundi isiache mapovu, kisha ziba kingo zote. Kingo zinazonyanyuka zisisubiri matengenezo makubwa.

Turudi kwenye propela. Nyingi hupashwa joto kwa vipande vya mpira vyenye nyaya ndani, vilivyogundishwa kwenye mapanga upande wa ndani. Umeme hupita kwenye brashi za kaboni zinazogusa pete inayozunguka, na kifaa cha kuhesabu muda huuwasha kwa zamu. Mapanga yote ya propela moja hupashwa pamoja ili barafu itoke kwa usawa. Ikitoka kwenye panga moja tu, propela hutetemeka. Panga moja likikosa umeme, barafu yake huendelea kukua hadi iachie yenyewe, na hapo ndipo mabonge huzaliwa. Niliwahi kuletewa ndege iliyopigwa vibaya upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa na mikwaruzo ya kawaida. Tatizo lilikuwa waya uliokatika kwenye mguu wa panga moja. Bamba jipya peke yake lingeficha ugonjwa.

Mita ya ampea, inayopima umeme wa mfumo huu, huonyesha haya mapema. Kwenye propela ya mapanga matatu, usomaji ukishuka kwa takriban theluthi moja zamu yake inapofika, panga moja halipati umeme. Rubani aiangalie kwa mzunguko mzima wa zamu, maana sekunde mbili hazitoshi. Kwenye hanga tunapima ukinzani wa kila kipande na kulinganisha, tunapima urefu wa brashi, na kusafisha mafuta kwenye pete. Mifumo inayotumia alkoholi ya isopropili au kimiminika cha glikoli haina nyaya za kukatika, ila mirija yake huziba, na panga lisilolowa huota barafu kama lile lisilo na umeme.

Rubani naye ana sehemu yake, na ni kubwa. Mfumo uwashwe kabla ya kuingia kwenye unyevu unaoonekana, kwa joto ambalo kitabu cha ndege kimetaja. Anayengoja mpaka ahisi mtetemo ameshafuga barafu nene, na akiwasha wakati huo atairusha yote kwa mkupuo. Pale kitabu kinaporuhusu, kuongeza mzunguko wa propela kwa muda husaidia kuiachisha ikiwa bado nyembamba.

Baada ya safari yenye vishindo, usiridhike na kutazama nje. Bonyeo lililo katikati ya bati, mbali na fremu, mara nyingi hupimwa kina na kulinganishwa na mipaka ya kitabu cha matengenezo. Lililo juu ya fremu au kwenye mstari wa ribiti ni jambo jingine: toa paneli ya ndani, shika tochi, na ukague fremu na viimarisho kwa nyuma. Kagua pia dirisha la pembeni lililo karibu na usawa huo, kwa sababu akriliki, plastiki ya dirisha hilo, haiwezi kufunikwa na bamba, na ufa mdogo pembeni mwake huonekana tu ukiinamisha mwanga.