Fashia haiachii kwa kukandwa mpaka ulie

Hii kitu ya kukanda fashia, yaani ule utando unaofunika misuli, nimeisikia mpaka basi. Mtu anapanda kitanda cha matibabu, hajaeleza hata maumivu yameanza lini, anakwambia "dokta fashia yangu imegandana, we kandamiza tu mpaka iachie, mi navumilia". Ukimkanda kwa nguvu ya kawaida anaona umemdhulumu. Haya, tuongee.

DHANA: Masaji kali inavunja na kurefusha fashia iliyoshikana

Hapana. Fashia nzito, ile inayofunika misuli, sehemu kubwa ni kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini, imepangwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka nyuzi zake zinaelekea upande wake. Chukua ile bendi pana ya nje ya paja inayotoka nyongani mpaka chini kidogo ya goti, ambayo kila mkimbiaji anaisugua na rola, ile silinda ya kujikandia. Mwaka 2008 kuna watafiti walipiga hesabu nguvu kiasi gani inatakiwa kuibonyeza kwa asilimia 1 tu, jibu likaja zaidi ya kilo 900. Asilimia 1! Fashia ya unyayo nayo ikavuka kilo 800. Iliyoonekana kuukubali mkono wa mtu ni ile laini ya puani. Kwahiyo mimi na viwiko vyangu, au wewe umelalia rola, ni sawa na kuusugua mkanda wa siti ya gari ukitegemea urefuke. Na ungerefuka ungekuwa na shida kubwa zaidi, maana hiyo bendi inasaidia nyonga isilegee unaposimama mguu mmoja. Kinachoivuta ni misuli iliyojishikiza juu yake, mmoja mbele ya nyonga na ule mkubwa wa makalio, hiyo ndio ya kushughulika nayo, na inashughulikiwa kwa mazoezi ya nguvu.

Najua utauliza, mbona nikikandwa nainama vizuri kabisa? Ni kweli unainama, wala sio kwamba unajidanganya, ila kilichobadilika sio urefu wa fashia. Fashia imejaa miishio ya neva, ukiibonyeza neva zinapeleka taarifa, mfumo wa neva unatulia, misuli inalegea na wewe unavumilia kunyooshwa zaidi ya mwanzo. Ndio maana ukifika nyumbani hali imeanza kurudi. Halafu kuna ute wa hayaluroni kati ya tabaka na tabaka, ndio unazifanya ziteleze, na kuteleza kunahitaji ujongee, sio ulale utobolewe.

Kinachoniudhi zaidi ni madhara. Juzi nimeona paja la zambarau toka nyonga hadi goti, alama za meno ya rola zimejipanga utadhani kapigwa mhuri, na mwenyewe ananionyesha kwa furaha kwamba "inatoka". Haitoki kitu dada yangu, hiyo ni mishipa midogo ya damu imepasuka. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usithubutu kabisa kukandwa hivyo. Mimi kipimo changu ni kimoja, wakati unakandwa uweze kupumua na kupiga stori kama kawaida, ukianza kukunja ngumi na kubana pumzi tumeshapitiliza. Na ile nafuu unayopata usiende kulala nayo, fanya mazoezi muda huohuo.

DHANA: Masaji inatoa sumu kwenye fashia

Hakuna sumu imejificha humo. Taka za mwili ni kazi ya ini na figo. Kesho yake unaumwa kwa sababu umebonyezwa sana, basi.

DHANA: Mguu umeumia ila mapigo ya damu bado yanasikika, kwahiyo uko salama

Hii inakata watu miguu. Chini ya goti misuli imefungwa na fashia kwenye vyumba 4. Mfupa ukivunjika au mguu ukigandamizwa, uvimbe unajaa ndani ya chumba na fashia ndio hiyohiyo tuliyosema haitanuki, presha inapanda, damu haifiki kwenye misuli na neva, wakati mshipa mkubwa bado unadunda vizuri tu. Kwahiyo usisubiri mapigo yapotee. Angalia maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, yasiyosikia dawa, yanayozidi mtu mwingine akikunyooshea vidole vya mguu, na ganzi. Hapo usikandwe na mtu yeyote, legeza bandeji, mguu usiuinue juu ya usawa wa moyo, nenda hospitali saa hiyohiyo, na kama umefungwa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika (POP) waambie waifungue. Daktari wa upasuaji anaipasua fashia ili presha ishuke, na ikifika masaa 6 hivi misuli inaweza kuwa imeshaharibika moja kwa moja.

DHANA: Kisigino kinauma sababu mfupa umeota, ukatwe

Watu kibao wana huo mfupa kwenye eksirei na hawaumwi popote. Shida mara nyingi ni fashia ya unyayo imechakaa pale inapojishikiza kisiginoni, ndio maana hatua za kwanza asubuhi ni mateso. Simama kwenye ngazi, kunja taulo uweke chini ya vidole, inua kisigino taratibu kwa mguu mmoja, tulia juu kidogo, kishushe taratibu, siku moja fanya siku moja pumzika, na uongeze uzito kadri unavyopata nguvu. Ujipe miezi 3, sio wiki mbili halafu unanipigia simu unataka sindano.